Kidole cha Delko

Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002. Asubuhi ile haikuwa na jua wala mvua. Anga la Goma lilikuwa la rangi ya jivu, upepo wa ziwani ulikuwa umelala kabisa, na hewa ilinuka kiberiti. Nilipomaliza sala ya alfajiri nilikuta vumbi jeusi limetanda juu ya gari langu, jembamba kama unga. Nikachukua flaneli na ndoo ya maji, nikaanza kuliosha kabla halijakwaruza rangi.

Mke wangu Asumini alikuwa amekaa mlangoni, mguu wake wa kushoto ndani ya plasta. Aliteleza kwenye mawe ya uani mara baada ya Idi, na daktari alimkataza kuukanyagia.

"Muzee," akaniita, "mulima unatapika, na wewe unapangusa gari."

"Hii majivu inakula rangi."

"Hata mimi niko na rangi. Kuya unipanguse."

Nilicheka. Mlima wetu hutoa moshi kila mwaka, na sisi wa mtaa wa Murara tulizoea kuuona usiku ukiwaka juu kama jiko la jirani. Sikuwa na hofu. Nilimwambia tu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyeuweka pale, na Yeye anajua kuushika.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404 ya mwaka 1964, rangi ya maziwa, mkono wa gia kwenye usukani. Nililipata miaka ile wenye mashamba ya kahawa walipokuwa wanaondoka. Mimi nilikuwa dereva wa lori wa tajiri mmoja wa Kasongo, na wenzangu walinicheka kwamba nimenunua kitu cha kufuga. Ni kweli, nililifuga. Viti nilivishona mwenyewe. Gaskiti nilizikata kwenye ngozi ya viatu vichakavu. Nikeli ya mbele niling'arisha kwa jivu na limau, na kila nilipomaliza kazi niliinua mikono nikashukuru. Maarusi wa mtaa wetu, Waislamu kwa Wakristo, walipanda gari lile siku yao bila kutoa kitu. Sharti langu lilikuwa moja tu, niendeshe mimi. Mkono mwingine haukuwahi kushika usukani ule.

Nyuma ya jiko kulikuwa na 404 nyingine, mfu, iliyoletwa kutoka Rutshuru juu ya lori ili niwe navua vipuri vyake. Nilishavua injini, usukani, taa, na keria ya mizigo iliyokuwa juu ya paa. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameifunga keria ile kwa bulti nne zilizotoboa paa. Mimi nilipoihamishia kwenye gari langu sikukubali kutoboa. Niliibana pembeni kwa vyuma. Asumini aliliita gari langu mke mwenza, na lile la nyuma ya jiko maiti ya mke mwenza.

Mwenzangu katika mambo haya alikuwa Henri, mzee wa kutoka Butembo, mwimbaji wa kwaya, aliyekaa Katindo upande wa pili wa mji. Yeye alikuwa na Volkswagen, ile Coccinelle ya mviringo, kijani kibichi. Tulifahamiana kwa sababu ya buji moja, plagi ya kuwashia injini, aliyoitafuta soko zima akaipata kwangu. Baadaye tukawa tunakaa benchi moja katika masomo ya jioni ya watu wazima kule parokiani, vipara viwili juu ya kitabu kimoja.

Sasa nieleze jambo letu la kidole, maana bila hilo hayaeleweki yaliyofuata.

Tangu waasi wa kwanza walipoingia Goma mwaka 1996, gari linalotembea lilikuwa balaa kwa mwenyewe. Waasi wa pili walipokuja ikawa vilevile. Askari akiliona analipanda, na wewe ukilalamika anakupanda wewe. Watu walivua magurudumu, wakayaweka magari juu ya mawe. Henri na mimi tulikuwa na njia nyepesi zaidi. Ndani ya delko, kile kikombe cheusi kinachogawa umeme kwenye buji, kuna kipande kidogo kinachozunguka. Kwa sisi mafundi na madereva ni kidole. Ukikitoa, ukakirudishia kikombe kifuniko chake, hakuna anayeona kitu, lakini injini haiwaki hata ukiomboleza.

Shida ilikuwa moja. Askari wakikuuliza kidole kiko wapi utajibu nini? Henri ni mtu wa rozari, mimi ni mtu wa tasbihi, na hakuna kati yetu aliyetaka kuapa uongo. Ndipo tukaamua kwamba kidole chake nikae nacho mimi, na changu akae nacho yeye. Mwaka 1998 walipokuja uani kwangu, wakazungusha ufunguo, wakapiga teke mlango, niliapa kwa jina la Mungu kwamba kidole cha gari lile hakimo nyumbani mwangu. Ilikuwa kweli. Waliondoka wanatukana. Ufunguo niliuacha ukining'inia kwenye msumari mlangoni, maana bila kidole ni chuma tu.

Kila Jumapili baada ya Misa, Henri alikuja kwa baiskeli na kidole changu ndani ya kifuko cha rozari. Tuliwasha la kwangu, tukaenda kwake kuwasha la kwake, tukafuatana taratibu mpaka Lac Vert, ziwa dogo nje ya mji, tukanywa chai, tukarudi. Halafu kila mtu alivua kidole chake na kumpa mwenzake. Mikono yetu ilizoea kiasi kwamba tuliweza kuendelea kubishana huku tukivua. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu ya uzeeni, na sikuona mtu yeyote aliyedhurika nayo.

Alhamisi ile, kabla ya adhuhuri, watu walianza kushuka kutoka Munigi, upande wa mlimani. Wa kwanza walitembea. Waliofuata walikimbia, na hawakuwa wamebeba kitu. Jirani yetu Cyprien, fundi wa nguo, alisimama barabarani na mkasi bado mkononi.

"Ardhi imepasuka!" akapiga kelele. "Moto iko natoka chini, haitoki juu! Iko nakuya kwa uwanja wa ndege!"

Sikuelewa. Nilitazama juu mlimani, na mlima ulikuwa mahali pake. Halafu niliona, nyuma ya mapaa ya mabati, moshi mweusi ukitembea. Haukupanda angani kama moshi wa nyumba inayoungua. Ulitembea, na ulikuwa unatujia.

Nilikimbilia gari, nikafungua kapo, kile kifuniko cha injini, nikang'oa kifuniko cha delko. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ndani palikuwa patupu.

"Kidole iko wapi?" Asumini akauliza.

"Kwa Henri."

"Na ya Henri?"

Nikapapasa kifuko cha tasbihi. "Hii hapa."

Alinitazama, kisha akatazama gari, kisha akanitazama tena. "Kwa hiyo wazee wawili muko na gari mbili," alisema polepole, "na hakuna hata moja."

Asumini ni mama mnene, na mguu haukukanyaga. Kumbeba mgongoni katika ule umati nisingefika hata kona. Cyprien aliapa hatamwacha. Akishindwa kabisa atamtafutia chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea magunia. Nikamwambia Asumini narudi sasa hivi.

"Nenda," akasema. "Mimi sina pa kukimbilia. Nitakaa hapa na mke mwenza."

Nilipita njia ya mkato ya sokoni. Nina miaka sitini na sita, na sijui nilizipata wapi zile mbio. Niliomba kwa kila pumzi, jina moja tu la Mungu, lile la Mwenye kuhifadhi. Nilifika Katindo koo limekauka. Kahambu, mke wa Henri, alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Aliponiona aliachia kamba.

"Papa Mahamudi! Wewe uko hapa unafanya nini?"

"Henri yuko wapi? Nimeleta kidole chake. Anipe changu."

Alishika mdomo. "Henri alitoka kitambo na kinga. Alipita barabara kubwa. Alisema anakupelekea kidole yako, juu ya mguu ya Mama Asumini, hawezi kutembea."

Nilisikia maneno yake moja moja kama mtu anayesomewa hukumu. Kinga ni baiskeli, hilo nililijua tangu utoto, lakini nilimuuliza tena, "Kinga gani?" Kila mmoja wetu alikuwa amemkimbilia mwenzake. Tulipishana katika mji uleule, yeye kwenye lami, mimi sokoni.

Niligeuka nikakimbia kurudi. Sikufika. Kule katikati ya mji umati ulikuwa umesimama ghafla, wa mbele wakirudi nyuma, wa nyuma wakisukuma. Juu ya vichwa vyao niliona kitu ambacho akili yangu ilikikataa. Ukuta. Ukuta mweusi wenye nyufa nyekundu, mrefu kuliko mtu, uliokuwa unatembea ndani ya barabara ya maduka kama ng'ombe asiye na haraka. Haukupiga kelele ya moto. Ulitoa mlio kama wa mtu anayevunja vigae kwenye gunia. Duka moja liliegemewa, likainama, likalala, likawaka. Mapipa ya mafuta yalianza kulipuka ndani. Askari wa waasi wenye mji walipiga risasi hewani, sijui walikuwa wanamtisha nani.

Mji ulikuwa umekatwa vipande viwili. Asumini alikuwa upande ule. Mimi nilikuwa upande huu na kipande cha plastiki cha gari la mtu mwingine.

Nilikaa chini barabarani. Watu walinikanyaga. Mwanamume mmoja aliniinua kwa kola ya shati akaniambia, "Muzee, hapana fia hapa, unatufungia njia," nami nikamtii.

Nilirudi kwa Kahambu. Alisoma usoni. Alikuwa ameshambeba jirani yake, Mama Mukamurenzi, mzee sana, miguu imepooza, akamlaza kwenye kiti cha nyuma cha Coccinelle.

"Weka kidole, Papa," aliniambia. "Ufunguo huu hapa. Twende Sake."

"Hili gari la Henri. Hakuna mtu mwingine aliyewahi..."

"Henri iko wapi nimuombe ruhusa?"

Nikafungua kifuniko cha nyuma, maana injini ya gari lile iko nyuma, nikaweka kidole. Likawaka mara ya kwanza, likatoa ule mlio wake wa cherehani, na Kahambu akaanza kulia kwa sababu ya mlio ule.

Tulipita Mugunga, njia ya magharibi ya kwenda Sake, tukiwa katikati ya mto wa watu. Kahambu alishika rozari, mimi nilisoma Yasini, na Mama Mukamurenzi nyuma aliimba wimbo wa kanisani kwa Kinyarwanda. Wakati fulani Kahambu alishusha rozari akasema, "Papa Mahamudi, unajua? Miaka yote hii Henri hajanikubalia hata kushika ule usukani. Leo gari yake inakaliwa na Mwislamu."

"Na mimi langu leo limekaliwa na Mkatoliki, Mungu akipenda," nikajibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kusema kwa sauti kwamba labda Henri amefika.

Ijumaa tulikuwa Sake, hakuna habari. Nilisali sala ya Ijumaa juu ya magunia ya mihogo, na katika sijda sikuweza kuinuka kwa haraka. Waliotoka Goma walisimulia, na kila mmoja alisimulia lake. Murara imekwisha. Murara imebaki nusu. Watu wote wa Murara wako Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Watu wa Murara wamekufa ndani ya nyumba. Niliwashukuru wote, nikaenda kuketi peke yangu.

Jumamosi asubuhi lori moja lilikubali kutupeleka mpaka penye moto. Niliegesha Coccinelle kivulini, kando ya ukuta wa kanisa, Mama Mukamurenzi ndani yake na chupa ya maji na ndizi, maana hatukutaka kumrudisha penye moto. Nikafanya yote ninayofanya nikiegesha gari, nikapanda lori pamoja na Kahambu.

Pale barabara ilipoishia, mawe yalianza. Yalikuwa meusi, yenye mikunjo kama nguo iliyotupwa, na juu yake watu walikuwa wameshaanza kupita mstari mmoja, magodoro kichwani. Joto lilipanda ndani ya suruali. Soli za viatu zilinata na kunuka. Kwenye nyufa uliona wekundu chini, bado hai. Kahambu alinishika mkono na hakuuachia.

Mtaa wangu sikuujua. Nilijua tu mnara wa msikiti kwa mbali, nikahesabu kwa macho kutoka pale. Mahali ilipokuwa nyumba yangu palikuwa tambarare. Mahali ulipokuwa mlango ambapo Asumini alikaa palikuwa tambarare. Bati moja la paa lilisimama wima kama kiganja.

Na kule barabarani, mbali kidogo na palipokuwa uani, nililiona.

Paa la 404 lilichomoza kwenye jiwe. Limeungua mpaka halina rangi. Madirisha yalikuwa yamejaa mawe. Lilielekea mpaka wa Gisenyi, kama gari lililokuwa linakimbia likashikwa.

Cyprien alikuwa pale, anatafuta mashine yake ya kushona. Aliponiona alivua kofia.

"Papa Mahamudi," alisema, "niliwaona wanaingia kwa gari. Yeye Mama na ule Papa wa baiskeli. Mama mwenyewe alinifukuza, alisema, 'Kimbia, niko na dereva.' Nilikimbia. Sikugeuka nyuma."

Kahambu alipiga magoti juu ya jiwe la moto, na sikusikia kama alilia au la. Masikio yangu yalikuwa yamefungwa. Nilisema maneno tunayosema mtu akifa, kwamba sisi ni wa Mungu na Kwake tutarejea, na midomo yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nililitazama lile paa. Nilifikiri jambo la kijinga kabisa: kwamba sikulimaliza kuliosha.

Halafu nililiendea. Nilitaka kuweka mkono juu yake, kama unavyoweka mkono juu ya jeneza. Chuma kilikuwa cha moto, nikakunja kofia yangu nikapapasa nayo. Na chini ya kofia, kidole changu cha mwilini, hiki cha shahada, kiliingia kwenye tundu.

Nikasimama hivyo. Nikasogeza mkono upande wa pili. Tundu. Nyuma, tundu na tundu.

"Kahambu," nikasema. "Kahambu! Hili lina matundu ya bulti!"

Alinitazama kama mwendawazimu. Cyprien pia.

"Langu sikulitoboa! Niliibana keria kwa vyuma pembeni! Huyu ni yule mfu wa nyuma ya jiko! Moto umembeba ukamleta barabarani!"

"Sasa ya kwako iko wapi?" Cyprien akauliza.

Swali lile lilikuwa zuri kuliko wimbo wowote. Sikujua gari langu liko wapi. Namshukuru Mungu kwa kutojua kule.

Tulivuka mpaka saa za mchana, tukipishana na watu wanaorudi, maana wengi walisema afadhali majivu ya kwao. Kule Gisenyi nilimuuliza kila mtu kuhusu gari jeupe la zamani. Mwanamke mmoja aliyebeba sufuria alisimama.

"Ile gari ya bibi harusi? Iko kwa uwanja wa shule kule. Kuna mama ndani yake, wa plasta, anatukana kila mutu mwenye kuigusa."

Nilikimbia tena kama Alhamisi ile.

Gari lilikuwa chini ya ukuta wa shule, jeusi kwa majivu, nguo za watu zimeanikwa juu ya keria, watu wamejilaza kivulini mwake. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na kutoka ndani mguu mweupe wa plasta ulinyooshwa nje kama mlingoti wa kizuizi cha barabarani. Henri alikuwa ameketi chini, kichwa kwenye magoti. Kahambu alimwangukia bila kusema neno. Mimi nilisimama mbele ya Asumini.

"Umekawia," alisema. Kisha uso wake ukavunjika, akanivuta kwa shati, na sote wawili tulilia mbele za watu kama watoto.

Baadaye walinisimulia, wakikatishana.

"Huyu Papa yako hajui gia ya usukani," alisema Asumini. "Anatafuta gia chini, kwa miguu! Nikamuambia, Henri, juu, kwako na chini. Kwako na chini! Moto iko nyuma ya jiko, yeye ananikamata goti."

"Goti ilikuwa mahali ya gia," Henri akajitetea.

Karibu na mpaka askari waliwasimamisha. Mkubwa wao aliwaamuru washuke, gari sasa ni la kazi. Asumini alimwonyesha plasta akasema, "Mutoto yangu, nishushe wewe mwenyewe," na yule mkubwa alipoona uzito wa kazi hiyo akaamua wapelekwe kwanza mpaka kwenye kizuizi cha mpakani. Kule watu walimshusha. Henri aliomba aongeze maji, maana injini ilikuwa inachemka.

"Nilifungua kapo," Henri alisema, "na nakuapia, Mahamudi, sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Kidole ilikuwa ndani ya mufuko yangu kabla nijue."

"Walizungusha ufunguo mupaka batiri ikakufa," Asumini akaendelea. "Wakaipiga mateke. Yule mukubwa akasema, 'Gari nzee kama benyewe,' wakaenda zao. Watu ndio waliisukuma na mikono mupaka huku, na mimi ndani."

Watu waliokuwa kivulini walicheka, wengi wao ndio waliosukuma. Nikacheka nao. Nilihisi kama mtu aliyetolewa shimoni. Henri akasimama, akafungua kifuko cha rozari, akanipa kidole changu. Nami kwa furaha ile nikafungua kifuko cha tasbihi, nikampa chake, kama Jumapili yoyote.

Mikono yetu ilikuwa bado imekutana hewani Asumini alipouliza, "Coccinelle iko wapi?"

"Sake. Kwa kanisa. Iko muzima."

"Na kidole yake iko hapa."

Kahambu aliinua kichwa kutoka begani kwa mumewe. Uso wake ulibadilika.

"Mama Mukamurenzi yuko ndani," alisema. "Hawezi kutembea. Tulimuacha ndani."

Nilitazama kile kipande cheusi mkononi mwa Henri. Sikukumbuka kukivua. Najua nilifunga mlango, najua nilimpa mama yule maji na ndizi, lakini kukivua sikukumbuka kabisa. Ardhi ilikuwa inatetemeka bado, mchana na usiku, na kila mtu alisema moto unaweza kutoka tena upande wa Sake. Mtu yeyote mwema pale kanisani angeweza kuzungusha ule ufunguo tuliouacha ndani mpaka batiri ife, na mama mkongwe ameketi nyuma anangoja.

Asumini hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

"Sema kitu, Muzee," aliniambia. "Sema kwa sauti, hawa watu wasikie. Wewe ukisema mbele ya watu haurudi nyuma, nakujua."

Nilikwenda mbele ya gari, nikafungua kapo. Henri alinifuata, akasimama kando yangu. Watu waliinuka, wengine wakasogea kutazama wazee wale wanafanya nini. Niliweka kidole ndani ya delko mahali pake, nikarudisha kifuniko, nikabana vibanio viwili mpaka vikalia. Kisha nikageuka. Nilijua waasi bado wako ng'ambo ile, na wengine watakuja baada yao, na gari linalowaka halitakaa sana mikononi mwangu. Nilijua hivyo wazi kabisa nilipofungua mdomo.

"Bismillahi," nikasema. "Mimi Mahamudi wa Murara, mbele ya Mungu na mbele yenu wote. Batiri sina, lakini miguu ninayo. Leo hii navuka tena yale mawe na Henri kumpelekea Mama Mukamurenzi kidole. Na kuanzia leo hiki changu hakitoki tena ndani ya gari, mchana wala usiku, vita wala amani. Asiyeweza kutembea, awe wa kwetu au wa jirani, azungushe ufunguo liwake, hata kama mimi sipo. Na wale wenye bunduki wakilitaka, walichukue."